Utando juu ya maji ya tangi la samaki: tatizo ni mwelekeo wa mkondo

Swali la msomaji wa Tanga: Nina tangi la samaki la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45. Ndani yake wamo gapi 12, moli 4, zebra danio 8 na gurami 2, pamoja na mimea. Chakula chao ni cha dukani na dagaa wa kusaga. Kichujio cha ndani kimeandikwa lita 600 kwa saa. Nilikishusha chini kwa sababu mlio wa maji ulikuwa ukiwaamsha watoto usiku. Sasa ni mwezi wa pili uso wa maji umefunikwa na utando mweupe unaong'aa kama mafuta. Kila alfajiri nakuta samaki wako juu wanatweta, lakini ikifika saa 4 asubuhi wanarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimeongeza pampu ya lita 1,500 kwa saa na kuiweka chini pembeni. Samaki wamejificha nyuma ya mawe na utando haujaondoka. Nitumie dawa gani?

Jibu: Ndugu msomaji, dawa usinunue. Sijui dawa ya chupa inayoondoa utando wa namna hii na kuuzuia usirudi. Isitoshe, katika swali lako lote sentensi iliyonieleza tatizo ni ile uliyoiandika kama jambo la kupita, kwamba ulikishusha kichujio ili watoto walale. Tangu usiku ule uso wa maji yako umesimama. Utando na kule kutweta kwa samaki vina chanzo kimoja, nacho ni kwamba maji ya juu hayabadilishani nafasi na maji ya chini. Pampu uliyoiongeza ina nguvu ya kutosha, tena imezidi, ila nguvu yote inakwenda kwenye mchanga na mawe, mahali ambapo hapakuwa na upungufu wowote.

Nitaanza na kutweta, kwa kuwa utando unaweza kusubiri wiki mbili, na samaki anayekosa pumzi hawezi. Hewa ya chumbani ina oksijeni nyingi mno ikilinganishwa na maji. Lita moja ya hewa hubeba zaidi ya miligramu 250 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji yasiyo na chumvi, hata yakishiba kabisa, hubeba miligramu 8.3 hivi kwenye nyuzijoto 25, na miligramu 7.5 tu kwenye nyuzijoto 30, joto ambalo tangi la pwani hulifikia bila shida katika miezi ya kaskazi. Wakati huohuo joto linampandishia samaki mahitaji yake, kwa hiyo ghala linapungua na walaji wanaongeza hamu. Jambo la pili, ambalo wafugaji wengi hawalifikirii, ni kwamba oksijeni husafiri ndani ya maji yaliyotulia polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani. Maji yakisimama, tabaka jembamba la juu hushiba lenyewe na kubaki limeshiba, huku sentimita chache chini yake samaki wakiendelea kutumia akiba isiyojazwa. Kinachobeba oksijeni kutoka juu kwenda chini ni maji yenyewe yanapotembea, na yako hayatembei.

Hiyo saa 4 uliyoitaja imenisaidia sana. Mchana mimea yako hutengeneza oksijeni kwa mwanga, na kwa muda huo huficha kasoro ya mzunguko. Taa zikizimwa, mimea huacha kutoa na yenyewe huanza kutumia, pamoja na samaki na bakteria wote wanaoishi kwenye sponji, kwenye mchanga na ndani ya utando wenyewe. Kiwango hushuka usiku kucha na kufika chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Asubuhi mwanga ukirudi, mimea hulipa deni pole pole, na baada ya saa chache samaki hushuka. Kama tatizo lingekuwa sumu ya amonia au ugonjwa wa matamvua, samaki wasingepona kila siku kwa ratiba ya taa.

Hapa niongeze tahadhari moja kuhusu gurami. Huyu ana kiungo maalumu kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, kama vile kamongo wa Ziwa Viktoria anavyovuta hewa kwa mapafu, kwa hiyo kumwona gurami akipanda juu na kushuka si dalili ya chochote. Mtazame danio. Danio ni samaki wa vijito, haachi kuogelea, na akianza kuning'inia juu akiwa amesimama mahali pamoja, mdomo ukichota ule ukanda mwembamba wa maji ulio chini ya hewa, basi tangi zima lina njaa ya oksijeni. Alfajiri ya kesho amka saa 11 kabla hujawasha taa, mulika kwa tochi kwa sekunde chache na uwahesabu danio walio juu. Hesabu hiyo ndiyo itakuwa kipimo chako kwa wiki mbili zijazo, nacho ni kizuri kuliko kutazama utando.

Sasa utando wenyewe ni nini? Chakula kikiyeyuka, jani likioza au samaki akitoa ute, molekuli nyingi zinazobaki ndani ya maji zina ncha mbili zisizofanana: moja inapenda maji, nyingine inayakimbia. Molekuli za namna hiyo zikifika juu hubaki hapohapo, ncha moja majini na nyingine hewani, zikijipanga bega kwa bega kama watu waliojaa kwenye kivuko. Bakteria huja kula mkusanyiko huo, huzaliana ndani yake, na baada ya siku chache utando usioonekana hugeuka kuwa ngozi nyeupe unayoiona. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Mwaka 1774 mwanasayansi Benjamin Franklin alichapisha maelezo ya jaribio alilolifanya kwenye bwawa la Clapham, London, ambapo kijiko kimoja tu cha chai cha mafuta kilituliza viwimbi kwenye eneo la nusu ekari. Uso wa tangi lako ni sentimita 90 kwa 40, yaani sehemu ya tatu hivi ya mita moja ya mraba. Ukipiga hesabu kwa unene wa utando wa molekuli moja, tone moja la mafuta linatosha kutandaza matangi zaidi ya 50 ya ukubwa wa lako. Kwa hiyo unapojiuliza mafuta hayo yote yametoka wapi, jibu ni kwamba si mengi hata kidogo.

Je, utando huu unaziba oksijeni kama kifuniko cha sufuria? Watu wengi husema hivyo, na mimi nilikuwa nikisema hivyo zamani, lakini si sahihi sana. Utando mwembamba wenyewe hauzuii hewa kwa kiasi kikubwa. Madhara yake makubwa ni yaleyale aliyoyaona Franklin bwawani: unaua viwimbi. Uso uliopakwa utando hukakamaa, maji yaliyo chini yake hayapinduki, na ule upya wa tabaka la juu unaohitajika ili oksijeni iendelee kuingia hukoma. Bakteria waliomo nao hutumia sehemu ya oksijeni hiyohiyo mlangoni kabla haijafika kwa samaki. Ndiyo maana kuuondoa utando kwa mkono huku maji yakiendelea kusimama huleta nafuu ya siku mbili tu.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha ni utando wa aina gani, kwa sababu si kila kinachong'aa ni mafuta. Chukua kijiti kikavu na safi, ukichome katikati ya utando na kuukata. Ukirudi na kujiunga mara moja kama mchuzi wenye mafuta, ni mafuta au mchanganyiko wa mafuta na protini. Ukivunjika vipandevipande vyenye kona, vikabaki vimetengana kama kioo kilichopasuka, huenda ni utando wa madini ya chuma na bakteria wake, jambo la kawaida kwa nyumba zinazotumia maji ya kisima. Utando wa aina hiyo hutokana na maji unayojazia, na unatibiwa kwa kuyaacha maji ya kisima kwenye pipa usiku kucha yakipigwa hewa ili chuma kigande na kutuama kabla hujayaingiza kwenye tangi. Ukiona rangi ya kijani kibichi ni mwani, na chanzo chake ni mwanga na mbolea. Na ukiona fungu la mapovu madogo yaliyoshikamana kwenye kona moja, liache: gurami dume anajenga kiota.

Kwa maelezo yako ninaamini ni aina ya kwanza, na mshukiwa mkuu ni dagaa. Dagaa ni chakula kizuri chenye protini nyingi, na sikushauri uache kabisa, lakini wana mafuta, na wakisagwa hadi kuwa vumbi kila punje huelea, hulowa na kuachia mafuta yake juu ya maji kabla samaki hajaifikia. Wachekeche kwanza, vumbi litupe, na zile chenga zilizobaki uziloweke kwa dakika 5 kwenye kikombe cha maji ya tangi, kisha umwage yale maji yaliyoelea na utoe chenga zilizozama. Toa mara mbili kwa juma badala ya kila siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika 2. Mshukiwa wa pili ni mkono wako. Hili nalisema kwa aibu kidogo, kwa sababu niliwahi kuusaka utando wa tangi langu kwa zaidi ya mwezi mzima, nikabadili sponji, nikatupa gogo jipya, nikamlaumu aliyeniuzia chakula, hadi siku nilipogundua kwamba kila asubuhi nilikuwa najipaka mafuta ya nazi kisha naingiza mkono kupanga mimea. Rudi kwenye hesabu ya lile tone utaona ilivyowezekana. Osha mikono kwa maji mengi bila sabuni yenye manukato, au fanya kazi ya tangi kabla ya kujipaka.

Tangi likiwa karibu na jiko, mvuke wa kukaangia nao hutua juu ya maji. Dawa ya mbu ya kupuliza ni jambo zito zaidi, kwa sababu viuadudu vingi vya kopo ni sumu kali kwa samaki. Usipulize katika chumba hicho, na ukumbuke kwamba pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji, pamoja na chochote kilichomo, hata moshi wa chetezo.

Tufike kwenye mkondo. Kipandishe kichujio hadi mdomo wake wa kutolea maji uwe sentimita 2 au 3 chini ya uso, ukiwa kwenye upande mfupi wa tangi na ukitazama upande wa pili kwa urefu, huku umeinuliwa kidogo kuelekea juu. Si lazima maji yaruke wala yatoe mlio. Kinachotakiwa ni uso uonekane ukitetemeka kutoka mwisho mmoja hadi karibu na mwisho mwingine, na taa ikiwashwa mistari ya mwanga icheze juu ya mchanga. Mkondo huo ukifika kwenye kioo cha mbali utashuka chini, utarudi ukipita juu ya mchanga, na kuleta uchafu hadi kwenye matundu ya kunyonyea ya kichujio. Hilo ni gurudumu moja kubwa la maji, na gurudumu moja linalozunguka polepole lina faida kuliko mikondo minne inayogombana. Pampu yako mpya imelivunja gurudumu hilo kwa sababu inapiga chini, ikigonga mawe na kutawanyika, huku juu utando ukisukumwa taratibu kwenye kona moja na kukaa humo.

Unaweza kuuona mzunguko kwa macho. Saga chembe chache za chakula cha dukani hadi ziwe laini, uzinyunyize juu ya maji sehemu tano tofauti. Juu ya uso ulio hai chembe hukimbia, hugeuka na kuzama. Juu ya uso uliofungwa na utando husimama au husogea zote pamoja kama zimegandishwa kwenye shuka. Mbinu ya kusoma uso wa maji kwa mambo madogo kama haya ina heshima yake katika sayansi. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alianza kuchunguza tando za namna hii kwenye maji ya jikoni kwao, akatengeneza chombo cha bati chenye ukanda unaotelezeshwa kukusanya utando na kuupima, na mwaka 1891 barua yake ikachapishwa katika jarida la kisayansi la Nature kwa msaada wa mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh. Aligundua jambo ambalo litakufaa leo hii: utando unaweza kufagiwa upande mmoja kwa kitu kinachogusa uso tu.

Basi ufagie. Zima pampu zote kwa dakika 10 utando utulie, kisha laza karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ile ya jikoni ya kukaushia, juu ya maji kwa sekunde mbili tatu na kuinyanyua kwa ncha moja bila kuikokota chini. Karatasi nne au tano zitasafisha tangi lako lote. Gazeti halifai, kwa kuwa wino haustahili kuingia majini. Njia nyingine ni kuzamisha jagi wimawima hadi mdomo wake uwe milimita moja tu chini ya uso, maji ya juu yaingie yenyewe kwa kumiminika kutoka pande zote, na hayo uyamwage. Vipo pia vifaa vya kufyonza uso, vinavyounganishwa kwenye kichujio na kuelea vikifuata kimo cha maji. Vinafanya kazi vizuri, ila kwa tangi lenye gapi sivipendi sana, kwani vifaranga wa gapi hukaa juu na huvutwa humo wakiwa hai. Ukikiweka, funika mdomo wake kwa sponji nyepesi. Kufagia huku utakufanya mara moja au mbili tu, kwa kusaidia mwanzo. Baada ya hapo uso unaotembea utauvunja utando kabla haujakomaa, vipande vyake vitachanganyika na maji, na bakteria wa kwenye sponji watavila huko ambako kula kwao hakumdhuru mtu.

Neno moja la onyo: mtu akikushauri udondoshe tone la sabuni ya vyombo ili kuvunja mafuta, usimsikilize. Sabuni hufanya kazi hiyo juu ya matamvua ya samaki pia.

Upande wa wingi wa maji, hesabu yako ni rahisi. Vipimo vyako vinatoa lita 162, lakini ukiondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu isiyojazwa utabaki na lita 130 hivi. Kwa samaki ulio nao mimi huridhika na mzunguko wa mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 520 hadi 780. Kichujio cha lita 600 kingetosha kama kingekuwa kinatoa lita 600. Namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa bila sponji na bila kupandisha maji, kwa hiyo pima mwenyewe. Chukua mfuko mwembamba wa nailoni kama ule wa kufungia mkate, utoe hewa yote, uuvishe kwenye mdomo wa kichujio ndani ya maji kwa sekunde 20 kamili, kisha upime maji yaliyoingia kwa jagi. Ukipata lita 2, kichujio kinatoa lita 360 kwa saa, chini ya mara 3 ya ujazo wako. Ikiwa hivyo, safisha sponji kwanza kabla ya kufikiria kununua kingine. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, wala usiiweke chini ya bomba, kwa sababu klorini ya maji ya bomba huua bakteria wanaokusaidia. Fungua pia kichwa cha pampu na usugue ute ulioshika kwenye panga lake linalozunguka. Nimeona vichujio vikirudisha karibu nusu ya nguvu yake kwa mswaki wa zamani na dakika 5 za kazi.

Kuhusu mlio, ambao ndio uliotufikisha hapa, kumbuka kwamba mdomo uliozama hauna mlio. Kelele huanza maji yanapopungua kwa kukauka na mdomo ukajitokeza, maji yakaanza kuanguka kutoka juu. Chora alama kwenye kioo kwa kalamu ya wino, na kila kimo kikishuka sentimita 1 chini ya alama ujazie. Ila kujazia peke yake hakutoshi, kwa kuwa maji hukauka na kuacha chumvi zake nyuma, hivyo mara moja kwa juma toa kama robo ya maji na uweke mapya yaliyotolewa klorini. Kama mlio unaobaki ni wa mtetemo wa kichujio kugusa kioo, kipande cha sponji nyuma yake kitaunyamazisha.

Gurami wako hawatafurahia mkondo mkali, na hapa danio na gurami hawapatani kabisa, kwani mmoja ametoka kwenye maji yanayokimbia na mwingine kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga yaliyotulia. Suluhisho ni kuwapa ncha mbili za tangi. Upande wa kichujio uache wazi kwa danio, na upande wa mbali panda mimea mirefu na uache mimea michache inayoelea ikiwa imezuiwa ndani ya duara la mpira mwembamba wa hewa, ili isitapakae na kufunika uso wote. Mkondo ukifika pale utakuwa umechoka. Mimea inayoelea ikiachwa huru hufanya kazi ileile ya utando, tena vizuri zaidi.

Swali ambalo hukuliuliza lakini najua litafuata ni la mimea: je, uso ukichezacheza hautafukuza kaboni dioksidi inayohitajiwa na majani? Kwa tangi linalotiwa gesi hiyo kwa chupa, ndiyo, na huko inabidi kupima kwa makini. Kwa tangi la kawaida kama lako ni kinyume. Mchana mimea huitumia gesi hiyo hadi kiwango chake majini kikashuka chini ya kile ambacho hewa ingekiweka, na uso unaotembea ndio unaoirudisha.

Jiwe la hewa, lile lenye vitundu linalotoa mapovu likisukumiwa hewa na pampu, nalo lina nafasi yake, ingawa kazi yake hueleweka vibaya. Mapovu hukaa ndani ya maji kwa sekunde moja au mbili tu na huachia oksijeni kidogo njiani. Faida kubwa ni kwamba yakipanda huinua maji ya chini pamoja nayo na kupasua uso yanapofika juu. Kwa usiku ni msaada mkubwa. Liweke upande wa mbali na kichujio, uliwashe taa zinapozimwa, na pampu yake iwe juu zaidi ya kimo cha maji, au uweke vali ya kuzuia maji kurudi, maana umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kupitia mpira hadi kwenye pampu na sakafuni. Ningekushauri ununue ile inayotumia betri na kujiwasha yenyewe umeme unapoondoka. Usiku wa mgao, tangi lenye samaki 26 kwenye joto la pwani halina saa nyingi, na kama huna pampu ya betri, chota maji kwa jagi na uyamimine tena kutoka kimo cha shubiri moja kwa dakika chache kila robo saa, usilishe, na uondoe kifuniko. Kifuniko cha kioo kinachoziba kabisa sikipendi hata siku za kawaida. Danio huruka, kwa hiyo tumia wavu mwembamba uliovutwa kwenye fremu, hewa ipite.

Fanya mambo haya kwa mpangilio: leo pandisha kichujio na uiondoe ile pampu ya lita 1,500, kesho fagia utando na usafishe sponji, na dagaa uwapumzishe kwa siku 7. Danio wanapaswa kuacha kukaa juu alfajiri ndani ya siku mbili au tatu. Utando utachelewa zaidi, na huenda ukaonekana tena kwenye kona moja mwishoni mwa juma la kwanza. Ukiuona, usiongeze nguvu, geuza mdomo wa kichujio kwa kadiri ya upana wa kidole kuelekea kona hiyo na usubiri siku moja kabla ya kuugusa tena. Danio wakiendelea kutweta baada ya siku 5 ilhali uso unatembea vizuri, hapo nitataka kujua joto la maji saa 8 mchana na mara ya mwisho ulipofyonza uchafu uliozama mchangani.

Pampu kubwa usiitupe. Ifunge mpira mrefu na uitumie siku ya kubadilisha maji, ukiwa umeizungushia sponji ili isivute samaki. Ndoo ya lita 20 itajaa kwa dakika moja au zaidi kidogo, kwa hiyo usiondoke kwenda kupokea simu.